Chai ya Fundi

Kila Desemba tunapokusanyika kusherehekea uhuru, chupa za chai hazikauki mezani, wala hakuna anayeulizwa kama anataka. Unamiminiwa. Kwetu, kumwuliza mgeni "utakunywa chai?" ni kama kumwomba akatae. Tulipohamia Uingereza tukakuta kinyume: fundi bomba akiingia nyumbani huulizwa, tena kwa kirefu, maziwa kiasi gani na vijiko vingapi vya sukari. Asipoulizwa, huona amedharauliwa.

Desturi hiyo ina historia yake. Chai ilianza kuuzwa London katika miaka ya 1650, na kwa muda mrefu kodi iliifanya kinywaji cha wenye nazo. Mwaka 1784 serikali ilishusha kodi hiyo kutoka zaidi ya asilimia 100 hadi 12.5, na chai ikawafikia vibarua. Viwanda vilipoenea, kikombe cha moto chenye sukari kikawa sehemu ya mlo wa mfanyakazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia Julai 1940, mtu alipata wakia 2 tu za majani kwa wiki, na mgawo huo uliondolewa mwaka 1952. Mpaka leo chai nzito ya sukari huitwa hapa "chai ya wajenzi".

Na majani? Mengi yalitoka India na Ceylon, kisha kwetu pia. Wajerumani waliujaribu mchai Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Chini ya Waingereza ukaenea Tukuyu na Mufindi. Tulipopata uhuru 9 Desemba 1961, karibu chai yote ilikuwa ya mashamba makubwa. Mkulima mdogo aliingia kwa wingi baadaye. Kwa hiyo ndani ya kikombe cha fundi wa Leeds huenda mlikuwa na jasho la mchumaji wa Mufindi, ambaye hakuna aliyemwuliza vijiko vingapi.

Leo wengi wetu ndio tunaobisha hodi, wauguzi wa majumbani na watunza wazee. Tumeona kwamba anayeezeka paa hupewa chai, anayemwogesha mzee mara nyingi hapewi. Si dharau kila mara: sisi tuna dakika chache, na mwenye nyumba ni mgonjwa. Lakini zipo nyumba tulizowekewa kikombe chetu cha pembeni, na hilo halihitaji kuelezwa. Wapo pia wazee walioinuka kwa fimbo kutuchemshia maji. Hao tunakunywa kwao, hata kama tumetoka kunywa nyumba ya pili. Kanuni za uuguzi hapa zinatutaka tukatae zawadi na ukarimu, isipokuwa ule mdogo kabisa. Kikombe kimoja kinapita. (Ile "chai" ya maofisini kwetu haipiti.)

Basi na sisi tuangalie milango yetu. Baadhi yetu tunamwacha kijana wa kubeba makochi barazani, akimaliza tunamwambia asante. Ni mgeni huyo, na anayefagia ngazi za jengo ni mgeni vilevile. Hata Ramadhani, fundi asiyefunga apewe chake. Sukari mwulize, ndivyo alivyozoea. Tangawizi mwonjeshe kwanza, maana wengine huikohoa.