HISTORIA FUPI YA KIKUNDI CHETU



Tunapotimiza miaka kumi hapa Ihembe, wengi wanangoja habari za fedha. Hizo mhazini ataeleza. Sisi tunaeleza habari za midomo, maana kikundi hiki kilikaribia kufa kwa kunyamaza.

Mtindo wa sanduku lenye kufuli tatu haukubuniwa hapa. Ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa huko, ukaenea mpaka kwetu. Tukanunua hisa, tukawekeana faini, tukachagua watunza funguo watatu. Kwa macho mambo yalikwenda vizuri. Lakini mkutanoni walikuwa wanasema mwenyekiti na katibu tu. Wengine waligongewa mihuri vitabuni, wakapiga makofi, wakarudi kumenya ndizi. Nasi tukajisifu kwamba tuna umoja!

Kumbe mjane mmoja mwenzetu alikuwa anauguza mtoto. Akauza kahawa yake butura, yaani ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa. Butura serikali imeikataza, lakini mwenye mgonjwa atafanyaje? Msimu ulipofika, mnunuzi akaja na magunia yake akachukua zote. Na wiki ile alipouza, fedha zilikuwamo sandukuni! Tulipomwuliza, akajibu kwa Kinyambo kwamba yeye hajui Kiswahili cha mkutano, na mikopo aliiona ni ya wanaojua kusema.

Tukiri, sisi viongozi kwanza tulikasirika, tukasema amejitakia. Aibu ilikuja usiku.

Basi tukakubaliana kila mtu aseme kwa lugha anayoiweza, katibu ndiye atajua namna ya kuandika. Na kabla ya kufunga sanduku, fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila mmoja aishike hesabu kichwani. Mkutano unaofuata anaulizwa yeyote. Hapo ndipo tulipoona maajabu. Wasiojua kusoma ndio wanaokumbuka zaidi. Siku moja bibi mmoja alibisha kwamba daftari limepungukiwa shilingi elfu mbili. Tukahesabu upya, bibi akawa sahihi, katibu akatoa faini. Mwenyekiti naye husema wa mwisho, na hilo hadi leo ni gumu kweli.

Si wote waliopenda. Wawili waliondoka wakisema kikundi kimekuwa cha kelele, na waume wengine wanalalamika kwamba tunachelewa kurudi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotaka vikundi visajiliwe, tulisoma katiba yetu mstari kwa mstari. Waliokuwa kimya zamani ndio waliodai kifungu kipya: mwenye mgonjwa aweza kuomba mkopo hata siku isiyo ya mkutano, au kumtuma mwenzake amsemee. Kikapita kwa mikono yote.

Yule mjane sasa anatunza ufunguo wa tatu. Msimu uliopita kahawa yake aliivuna mwenyewe. Siku akichelewa, sote tunakaa tunamsubiri.