Wasindikizaji wa urais: historia ya kuwaunga mkono wasiotarajiwa, kutoka Chimwaga hadi Sumbawanga

Mkoa wa Rukwa una historia ambayo mikoa mingi haina. Julai 2022 uliletewa mkuu wa mkoa, Queen Sendiga, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amegombea urais wa Tanzania kwa tiketi ya chama kidogo cha ADC. Mwaka 2023 Sendiga alihamishiwa Manyara, na aliyekuwa Manyara, Charles Makongoro Nyerere, akaja kushika ofisi ya Sumbawanga. Naye aliwahi kuutaka urais. Mwaka 2015 alichukua fomu ndani ya Chama Cha Mapinduzi (CCM), jina lake likakatwa kabla hata ya kufika tano bora. Wananchi wa Ufipa, kama eneo hili linavyoitwa, wakawa wamepokea, mmoja baada ya mwingine, viongozi wawili walioomba kazi ya juu kuliko zote nchini huku karibu kila mtu akijua hawataipata.

Katika siasa zetu watu wa namna hii huitwa wasindikizaji. Inaaminika kwamba wanajaza orodha tu, na kwamba anayewaunga mkono anapoteza kura, sahihi na muda wake. Ukiifuatilia historia ya mchujo wa urais nchini mwetu tangu mwanzo, utaona imani hiyo haina msingi. Wasindikizaji wamebadilisha mengi, na waliowaunga mkono hawakupoteza kitu.

Zama za picha moja

Uchaguzi wa kwanza wa rais wa Tanganyika, Novemba 1962, ulikuwa na wagombea wawili. Julius Nyerere wa TANU alipata zaidi ya kura milioni 1.1, na Zuberi Mtemvu wa ANC akaambulia zisizofika asilimia 2. Baada ya hapo nchi ikaingia katika mfumo wa chama kimoja. Kuanzia 1965 hadi 1990 mpiga kura alikuta jina moja la mgombea urais, akachagua Ndiyo au Hapana. Ushindani ulibaki kwenye ubunge, ambako wagombea wawili wa chama kilekile walitofautishwa kwa alama ya jembe na alama ya nyumba. Mkulima wa Laela au Namanyere, huku Rukwa, aliweza kumwangusha mbunge wake, lakini swali la nani awe rais lilikuwa limekwisha kujibiwa na vikao kabla halijamfikia.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, ndipo wanachama wa kawaida walipoanza kuona watu wengi wakiomba nafasi hiyo kwa wakati mmoja.

Chimwaga, Julai 1995

Mchujo wa kwanza mkubwa ulifanyika Chimwaga, Dodoma. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Benjamin Mkapa akapata 459 na Cleopa Msuya 336. Msuya akatoka. Duru ya pili Mkapa akashinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Mkapa hakuwa na kundi kubwa ndani ya chama alipoanza. Alikuwa na uzito wa Mwalimu Nyerere nyuma yake, na alikuwa na wajumbe waliokubali kubadili mawazo kati ya duru moja na nyingine.

Kikwete naye hakupotea. Miaka kumi baadaye, Mei 2005, alirudi palepale Chimwaga akapata kura 1,072, mbele ya Salim Ahmed Salim aliyepata 476 na Mark Mwandosya aliyepata 122. Wale 639 waliomchagua mwaka 1995 walikuwa wameweka msingi wa 2005. Aliyewaambia siku ile kwamba wamepoteza kura alikuwa hajaona mbali.

Sahihi ya mwanachama wa kawaida

Kati ya ngazi zote za mchujo wa CCM, ipo moja inayomgusa mtu asiye mjumbe wa kikao chochote. Mwaka 2015 kila mtia nia alitakiwa kupata wadhamini wasiopungua 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Baada ya hapo fomu zilirudi Dodoma, majina yakapita Kamati Kuu iliyochagua watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu ukamchagua mmoja.

Kwenye udhamini ndipo mwanachama wa Sumbawanga anapopata sauti yake. Huweka jina lake, namba ya kadi yake na sahihi yake kwa mtu anayeona anafaa, hata kama magazeti hayamtaji mtu huyo. Kwa mtia nia mwenye fedha, kazi hii ni ya siku moja: msafara unafika, makada wameshaandaliwa, fomu zinajaa. Kwa asiye na fedha, Rukwa ni mbali. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200, na kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Mgombea wa aina hiyo anaishi kwa watu wachache wanaomwamini na walio tayari kuzunguka kutafuta wenzao.

Wale 38 wa mwaka 2015

Mwaka huo watu 42 walichukua fomu na 38 wakazirudisha. Rukwa na Katavi, zilizokuwa mkoa mmoja hadi 2012, zilikuwa na mwana wao katika orodha hiyo: Mizengo Pinda, Waziri Mkuu tangu 2008, aliyejiita mtoto wa mkulima. Edward Lowassa alikuwa na jeshi kubwa kuliko wote. Masharti yalidai wadhamini 450, yeye alirudisha sahihi za mamia ya maelfu.

Makongoro Nyerere alitangaza nia kijijini Butiama. Hakuwa mgeni katika kwenda kinyume na upepo. Mwaka 1995, wakati baba yake, Mwalimu Nyerere, akizunguka nchi kumnadi Mkapa, yeye alishinda ubunge wa Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, ushindi ambao mahakama iliutengua baadaye. Alirudi CCM, akaongoza chama mkoani Mara, akaingia Bunge la Afrika Mashariki. Alipoutaka urais alizungumzia rushwa ndani ya chama na nguvu ya fedha katika kutafuta uongozi, akitaka chama kirudi kwa wanachama. Kwa mtu aliyekulia katika maneno ya Azimio la Arusha hoja hizo zilikuwa za kawaida, lakini katika CCM ya 2015 zilikuwa hoja za mwanamageuzi.

Vikao vilimkata Makongoro. Vilimkata Pinda. Vilimkata pia Lowassa na sahihi zake zote. Tano bora ikawa Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Magufuli, aliyetafuta wadhamini kimyakimya bila mikutano ya hadhara, alimaliza na kura 2,104 kati ya 2,416. Amina Salum Ali alipata 253 na Migiro 59.

Jambo la kutazama hapa ni hoja. Vita dhidi ya ufisadi, ambayo watia nia kadhaa waliokatwa waliibeba kwa sauti kubwa, ndiyo Magufuli aliyoingia nayo kwenye kampeni akiahidi mahakama maalumu ya mafisadi. Chama kilichotoka Dodoma kikiwa na wasiwasi wa kuchafuka kwa fedha kilihitaji mgombea wa kuyasema hayo. Waliokatwa walikuwa wameshayasema.

Wanawake waliotangulia

Nje ya CCM historia ni ileile. Mwaka 2005 Anna Senkoro wa PPT-Maendeleo alikuwa mwanamke wa kwanza kugombea urais wa Tanzania. Alipata kura 18,783, asilimia 0.17. Mwaka 2015 Anna Mghwira alisimama kwa ACT-Wazalendo, chama kilichotoka kutangaza Azimio la Tabora ili kuuhuisha ujamaa katika mazingira mapya. Alipata kura 98,763, asilimia 0.65. Mwaka 2017 Magufuli alimteua kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro.

Haiwezekani kusema kwamba kura za Senkoro ndizo zilizompeleka Samia Suluhu Hassan Ikulu Machi 2021. Kilichompeleka ni nafasi yake ya Makamu wa Rais na kifo cha Magufuli. Hata hivyo, kati ya 2005 na 2015 nchi ilitoka kwenye kumwona mwanamke katika karatasi ya urais kama kioja, ikafika mahali ambapo wawili kati ya watatu wa mwisho wa CCM walikuwa wanawake na mgombea mwenza naye mwanamke. Mazoea hayo yalijengwa na waliothubutu kushindwa hadharani, pamoja na wachache waliowapigia kura.

Mwaka 2020, Baraza Kuu la Chadema lilipopiga kura za kutafuta mgombea urais, Tundu Lissu alipata 405, Lazaro Nyalandu 36, na mtia nia wa tatu, daktari mwanamke, alipata kura 1. Mtia nia huyo alikubali nambari hiyo isomwe mbele ya wenzake. Chama ambacho mwanachama hawezi kupata kura 1 bila kuogopa si chama cha kidemokrasia.

Nkasi ilivyoshangaza nchi

Ufipa ina ushahidi wake wa karibu kabisa. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020, nchi nzima, Chadema ilipata jimbo moja tu la ubunge, nalo ni Nkasi Kaskazini, mkoani Rukwa. Aida Khenani alimshinda Ally Keissy wa CCM aliyekuwa amekaa bungeni miaka 10. Chadema, ambayo makao makuu yake kwa miaka mingi yalikuwa Mtaa wa Ufipa, Kinondoni, ilipata mbunge wake pekee wa jimbo kutoka Ufipa yenyewe. Wachambuzi wa Dar es Salaam hawakuitaja Nkasi katika ubashiri wao, lakini waliompigia Khenani walikuwa wanajua wanachokifanya.

Marekani, ambako mchujo wa urais huamuliwa na wapiga kura wa kila jimbo, ina somo linalofanana na letu. Jesse Jackson alishindwa kupata tiketi ya chama cha Democratic mwaka 1984 na tena 1988. Kambi yake ilidai wajumbe wagawanywe kwa uwiano wa kura badala ya mshindi kuchukua wote, na madai hayo yakaingia katika kanuni. Mwaka 2008 Barack Obama alimshinda Hillary Clinton chini ya kanuni hizo.

Mlango uliofungwa

Mwaka 2020 Magufuli alichukua fomu peke yake ndani ya CCM. Membe, aliyekuwa anatajwa kumpinga, alikuwa amefukuzwa uanachama mwezi Februari. Januari 2025 Mkutano Mkuu ulimpitisha Rais Samia kwa azimio, kabla ya fomu kufunguliwa. Utamaduni wa kumwachia rais aliyepo amalize vipindi vyake ni wa zamani, lakini gharama yake ni kubwa: kwa miaka kumi tangu 2015 mwanachama wa CCM wa Sumbawanga hakuulizwa anamdhamini nani kati ya wengi.

Kwa mujibu wa Katiba, Rais Samia hawezi kugombea tena mwaka 2030. CCM italazimika kutafuta mgombea mpya, na vyama vya upinzani vitatafuta wagombea wao. Rukwa, miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini tangu miaka ya 1980, itakuwa na maswali ya kuwauliza: bei ambayo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unanunulia mahindi, malipo kuchelewa, mbolea ya ruzuku kufika kwa wakati, soko la Zambia kupitia mpaka wa Kasesya kufunguliwa na kufungwa bila taarifa. Wenye misafara mikubwa watapita haraka. Mwenye majibu ya kweli anaweza kuwa yule aliyekuja na basi.

Wito wangu kwa wanachama wa vyama vyote vya Ufipa ni huu. Fomu zitakapofunguliwa, msisubiri kuambiwa nani ana nafasi. Someni anachosema kila mmoja, muulizeni kuhusu shamba lenu, kisha mdhaminini anayewaridhisha hata kama hayumo katika orodha ya wanaotajwa. Na kwa viongozi wa vyama: rejesheni mchujo wa wazi, wekeni ada ambayo mtoto wa mkulima anaweza kuilipa, na mhesabu kila kura hadharani, ikiwemo ile moja.