Miembe ya Njia ya Misafara

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, twaona yafaa kuwakumbusha wanachama habari za mti uliotia mizizi Unyanyembe kabla ya ushirika wowote: mwembe.

Mwembe si mti wa asili wa Unyamwezi. Ulitoka Bara Hindi, ukavuka bahari hadi pwani yetu, kisha ukafuata njia ya misafara itokayo Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, njia hiyo ilikwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliochukua pembe za ndovu, na watumwa waliofungwa minyororo. Miembe ilipandwa njiani na vituoni ili misafara ipate kivuli na chakula. Kwa hiyo utamu wake una uchungu ndani yake. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Misafara ikatoweka, miembe ikabaki.

Miti hiyo iliota kwa kokwa, na mwembe wa kokwa mara nyingi haufanani na mama yake. Hapo ndipo penye faida. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba, maembe yakikaribia kuiva. Ndipo ugonjwa wa chule, ambao ni ukungu uenezwao na matone ya mvua, hutia matunda madoa meusi na kuyaozesha. Lakini chini ya mvua ile ile, mwembe mmoja huoza matunda na jirani yake huzaa safi. Hapana mwembe usiougua kabisa, ipo inayostahimili. Embe liitwalo Tommy Atkins, linalosifiwa kwa ustahimilivu huo, lilitokana na kokwa tu huko Florida, Marekani, katika miaka ya 1920. Mwenye shamba aliutambua mti wake, nao ukaenea duniani.

Sisi wakulima wa tumbaku twajua jinsi mabani yanavyokula kuni, na jinsi shoka lisivyochagua mti. Mwembe mkongwe ukikatwa, ustahimilivu wake haurudi kwa kupanda kokwa. Basi, twawasihi wanachama: kila kijiji kiangalie miembe yake msimu wa mvua, kiutie alama ule uzaao matunda safi, kikate vikonyo vyake na kuvibebesha juu ya miche michanga. Waliopanda hawakupanda kwa ajili yetu, lakini urithi umetufikia sisi. Tusiupoteze.