Kiingereza cha wodini hakikuwemo kwenye daftari langu

Kimya kimekuwa kirefu, ni hizi zamu za usiku, nisameheni. Wiki iliyopita binti wa shangazi, anayejiandaa na mtihani wa Kiingereza ili aje kufanya kazi ya unesi huku Uingereza, aliniuliza anunue kitabu gani cha grama. Nilitaka kumjibu mistari miwili tu, nikajikuta naandika historia nzima! Basi naiweka hapa msome wote.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwezi wangu wa kwanza wodini, babu mmoja aliniambia asubuhi kwamba amepata "a funny turn". Mimi shuleni nilifundishwa "funny" ni kitu cha kuchekesha. Nikacheka naye, nikamwambia vizuri sana, nikaenda zangu kitanda cha pili. Kumbe babu wa watu alikuwa ananiambia amepatwa na kizunguzungu cha ghafla, nusura aanguke. Haikupita saa moja tukamwokota sakafuni, njiani kwenda chooni. Namshukuru Mungu hakuvunjika, alitoka na nundu tu kwenye paji la uso. Lakini mimi siku ile nilipanda basi la kurudi nyumbani nalia. Shahada ninayo, maneno marefu ya kitabibu ninayo, halafu mgonjwa ananieleza shida yake kwa maneno mawili ambayo hata mtoto wa huku anayajua, mimi namchekea.

Siku za mapumziko nikaanza kutafuta ni kwa nini Kiingereza nilichosoma na hiki ninachokisikia ni kama lugha mbili. Jibu nililikuta kwenye historia yao.

Chini kabisa kuna maneno ya Waanglo-Saksoni, mengi mafupi mafupi: come, go, throw, sick. Juu yake wakaja Waviking kutoka Skandinavia, ambao mwaka 866 waliuteka mji wa York. Hao ndio walioacha "ill", na "get" ambayo Waingereza wanaitumia kama sisi tunavyotumia chumvi. Halafu mwaka 1066 William wa Normandy akaja na jeshi lake akawa mfalme, na kwa muda mrefu sana wakubwa wa nchi wakawa wanaongea Kifaransa huku mkulima akibaki na Kiingereza chake. Ilibidi mwaka 1362 itungwe sheria kwamba kesi mahakamani ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu wananchi walikuwa hawaelewi wanashtakiwa nini! Hata neno "nurse" limetoka kwenye Kifaransa, na "patient" vilevile. Kwa hiyo mimi na mgonjwa wangu wote tunaitwa kwa majina ya wageni, hahaha.

Na sisi watu wa afya ndio tuliozidi. William Harvey, Mwingereza, ndiye aliyeeleza jinsi moyo unavyosukuma damu ikazunguka mwilini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1628, kikachapishwa Frankfurt, na alikiandika kwa Kilatini. Yaani daktari anaandika kwa Kilatini, na mgonjwa wake kitandani analalamika kwa lugha ya mama yake. Maneno marefu yakabaki kwa wasomi, mafupi yakabaki nyumbani.

Sasa jiulizeni, sisi tulipewa yapi? Tangu mwaka 1967 shule za msingi Tanzania zilifundisha kwa Kiswahili, Kiingereza tukaja kupambana nacho sekondari, na kilikuja kikiwa ndani ya vitabu vya baiolojia na kemia. Chuoni yakaongezwa ya Kilatini na Kigiriki. Mimi "vomit" naijua tangu kidato cha pili. Mgonjwa wa huku anakwambia "I've been sick", na mimi nilidhani anasema alikuwa anaumwa. Mama weee, anasema ametapika! Akizimia halafu akazinduka, watakwambia ame-"come round". Akiwa na hali mbaya ni "poorly", na mimi nikawa najiuliza mbona hii wodi ina maskini wengi hivi.

Jambo lililonifariji nimelikuta kwa Samuel Johnson, yule wa kamusi kubwa iliyotoka London mwaka 1755 ikiwa na maneno zaidi ya 40,000. Kwenye utangulizi wake alikiri kwamba kinachowatesa wageni kuliko vyote ni kitenzi kidogo kuwekewa kineno nyuma yake, kama "give over" au "set in", maana ikageuka kabisa. Alisema ameyakusanya kwa uangalifu mkubwa, na bado hakuthubutu kusema ameyamaliza. Mwenye lugha yake, mwaka 1755! Nikaona basi mimi si mjinga.

Na kabla hamjawacheka Waingereza, hebu mfafanulieni mgeni neno "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga chafya, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Nani alikufundisha darasani? Uliyasikia kwa mama jikoni, basi.

Grama nayo isome, mdogo wangu, sikatai, mtihani utaidai. Lakini ujue hata watunzi wake walijua kuna lugha ya barazani. Askofu Robert Lowth, ambaye kitabu chake cha grama cha mwaka 1762 kilitumika sana mashuleni, aliona ni jambo la kawaida mtu kumalizia sentensi kwa kineno kama "with" au "to" katika mazungumzo. Ila kwenye maandishi mazito akapenda kipangwe mbele. Sisi tulifundishwa hiyo ya mazito tu.

Dawa yangu mimi ilikuwa sikio. BBC walianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943, kwa hiyo njia yenyewe si mpya. Mimi nilishikamana na mchezo wao wa redio unaoitwa The Archers, wa maisha ya wakulima kijijini, unaoendelea tangu 1951. Mwanzoni lengo lake mojawapo lilikuwa kuwaelimisha wakulima, kama ile Twende na Wakati ya Redio Tanzania ambayo mama alikuwa haikosi. Wiki tatu za kwanza sikuelewa kitu, nilikuwa nasikia mbuzi na kondoo tu. Halafu pole pole masikio yakafunguka. Na bibi zangu wa wodini nikawa nawauliza bila aibu. Mmoja ndiye aliyenieleza kwamba "spend a penny" ni kwenda haja ndogo, kwa sababu zamani vyoo vya umma vililipiwa peni moja. Nikasoma baadaye kwamba hata kwenye yale Maonyesho Makubwa ya London ya 1851 watu walilipia peni hiyo hiyo.

Kwa hiyo binti shangazi, kitabu azima cha rafiki yako, hela nunulia bando. Jumapili nitakupigia saa mbili usiku za huko. Nusu saa ni Kiingereza kitupu, nitakuwa mgonjwa na wewe nesi, na nitakudanganya kwa maneno mafupi mpaka ukome. Mwambie shangazi asikae karibu, atatucheka.