Nani Alilipia Chakula cha Farasi? Gharama za Farasi wa Mbio Nairobi

Babu yangu mzaa mama alitoka Busia, upande wetu wa Uganda, akavuka mpaka miaka ya 1950 kwenda kutafuta kazi Nakuru. Kazi aliyoipata ilikuwa ya usaisi, yaani kumlisha, kumsugua na kumtembeza farasi wa mbio wa mlowezi mmoja. Aliporudi nyumbani na kueleza kwamba mnyama huyo halimi, hakamuliwi wala haliwi, watu walidhani anatania. Jambo alilolikumbuka kuliko yote ni chakula. Farasi wake aliwekewa mayai mabichi kwenye pumba. Yeye alipimiwa posho na maharage kila wiki.

Nilimkumbuka babu nilipokwenda kuangalia mbio katika kiwanja cha Ngong, Nairobi. Saisi mmoja mwenye mvi aliniambia kwamba mabanda mengi pale hayana farasi siku hizi kwa sababu gharama za mafunzo zimepanda mno. Maneno hayo huyasikii kwake tu. Kila mwenye farasi analalamika hivyo. Mimi nilitaka kujua jambo moja: ikiwa farasi wa mbio ni ghali kiasi hiki, walowezi waliwezaje kuwa nao wengi?

Hali ya nchi haikuwasaidia. Farasi ni mgeni Afrika Mashariki. Kwenye mbung'o hawezi kuishi, na hata kusiko na mbung'o kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na virusi na kusambazwa na usubi. Ukiingia bandani huua farasi wengi kuliko unaowaacha. Ndiyo maana walowezi waliwafuga zaidi nyanda za juu kwenye baridi, wakawafungia ndani kabla ya jua kutua, na baadaye wakategemea chanjo zilizotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Isitoshe, farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hadi 500, na kwa siku anaweza kula kilo 10 au zaidi, majani makavu na nafaka pamoja. Viatu vyake hubadilishwa kila baada ya wiki nne hadi sita. Anakula akikimbia, anakula akiumwa.

Hata hivyo, mbio zilistawi. Wiki za mbio ziliwaleta walowezi Nairobi kutoka mashambani, wakajaza hoteli ya Norfolk na, baada ya 1913, klabu ya Muthaiga. Nakuru, Eldoret na Limuru nako kulikuwa na viwanja. Jibu la swali langu nimelipata kwenye sheria zaidi kuliko kwenye mabanda. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999, kwa hiyo shayiri na majani vilitoka katika mashamba yao wenyewe. Kodi ya kibanda iliwalazimisha Waafrika kutafuta kazi ya mshahara, na kipande, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kikawazuia kuiacha kazi walipotaka. Kila farasi wa mbio huhitaji mtu wa kumtunza tangu alfajiri hadi usiku. Mtu huyo akilipwa karibu na bure, sehemu kubwa ya gharama haionekani kwenye daftari la mwenye farasi. Haikuwa imefutika. Alikuwa akiilipa babu na wenzake.

Pamoja na msaada huo wote, kuna waliofilisika. Charles Clutterbuck, Mwingereza aliyekuwa na shamba na kinu cha unga huko Njoro, alikuwa miongoni mwa wakufunzi wa farasi waliosifika. Alikuwa amefunga mikataba ya kuuza unga kwa bei isiyobadilika. Ukame ukaja, nafaka ikapanda bei, naye akaendelea kutoa unga kwa bei ile ile mpaka akaishiwa. Wakati huo huo, mwaka 1920, serikali iliipandisha rupia kutoka shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza hadi shilingi 2, na madeni ya walowezi benki yakaongezeka kwa nusu. Clutterbuck aliuza mali yake akahamia Peru kufundisha farasi.

Binti yake alibaki. Huyo ndiye Beryl Markham, ambaye dunia inamjua kwa kuruka peke yake kwa ndege juu ya Atlantiki mwaka 1936, lakini kabla ya hapo alikuwa mkufunzi wa farasi huko Molo na Nakuru, na mwaka 1926 farasi aliyemfundisha, Wise Child, alishinda mbio za St Leger mjini Nairobi. Katika kitabu chake anamtaja arap Ruta, rafiki yake wa utotoni aliyefanya naye kazi mabandani. Nimefurahi kulikuta jina hilo. Masaisi wengine wa enzi hiyo wamepotea bila jina, kwa kuwa hawakubahatika kufanya kazi kwa mtu aliyeandika kitabu.

Kiwanja cha Nairobi zamani kilikuwa mashariki ya mji, na mpaka leo karibu na Kariokor kuna barabara inayoitwa Racecourse. Mbio zilihamia barabara ya Ngong mwaka 1954. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, jeshi la Uingereza lilizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil na kuwatia kizuizini watu zaidi ya 20,000. Sijui niyaweke vipi mambo haya mawili katika ukurasa mmoja, lakini yalitokea katika mji mmoja.

Baada ya uhuru mpango ule ulivunjika. Kupitia mpango wa ekari milioni moja, mashamba mengi ya walowezi yaligawiwa wakulima wadogo, na mkulima wa ekari kumi na tano hapandi chakula cha farasi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulianzishwa 1965, na mwajiri akatakiwa kumchangia mfanyakazi wake. Viwanja vya mikoani vilikufa, akabaki Ngong peke yake. Kisha ikaja shida ya fedha. Mwaka 1970 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 7 na senti 14 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160. Chanjo, dawa na matandiko yanayotoka nje yanafuata dola. Zawadi za mbio zinalipwa kwa shilingi, na katika mbio ya farasi wanane saba hawashindi. Tangu M-Pesa ianze 2007 na kamari za mpira kuingia kwenye simu, shilingi ya mchezaji kamari nayo ina njia fupi kuliko kupanda matatu hadi Ngong.

Mimi naona kwamba sehemu ya gharama hizi zinazolalamikiwa ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilibebwa na watu wasioulizwa. Nikisikia kwamba mshahara wa saisi ni mzigo kwa mbio, siwezi kusikitika sana. Lakini sina budi kusema pia kwamba bandani likifungwa, mwenye farasi anapoteza burudani na saisi anapoteza kazi pekee anayoijua. Hakuna kiwanja kingine cha karibu cha kwenda. Yule mzee wa Ngong ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na mwanawe anaifanya.

Nilimsimulia habari za babu, akataka kujua mwenye shamba wa Nakuru alikuwa nani. Sikuweza kumjibu, kwa sababu babu alikuwa akimwita "bwana" tu. Jina la farasi nilimpa, maana hilo babu hakulisahau. Kisha nikamuuliza kama farasi wake huwekewa mayai.

"Mayai na bei hii?" akacheka, akaokota ndoo yake. "Kijana, trei moja naipeleka nyumbani kwangu."