Bildi
Bildi ni kifaa cha jadi cha mabaharia cha kupimia kina cha maji. Ni kipande kizito cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu yenye alama. Kina huhesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa kando, mita 1.8 hivi.

Mpimaji husimama ubavuni mwa chombo kinachokwenda polepole, hurusha bildi mbele, kisha husoma alama pale kamba inaposimama wima na risasi kugusa chini. Bildi nyingi zina tundu kitakoni linalopakwa shahamu ili kunasa mchanga, tope au vipande vya kombe. Hivyo nahodha hujua pia kama nanga itashika.

Penye maji machache hutumika upondo, yaani mti mrefu. Ndivyo inavyowezekana kandokando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Busia, kwenye Port Victoria na Sio Port, na karibu na Sio Port ndipo mto Sio humwaga maji yake. Kina kikubwa kabisa cha ziwa hilo ni mita 80 hivi, karibu pima 44.

Tangu miaka ya 1920, vipimo vya mwangwi vimechukua nafasi ya bildi katika meli kubwa.