Miwa Ndani ya Tanki

Ukiingia kituo chochote cha mafuta Kisumu, iwe ni Kondele ama kule barabara ya Busia, swali ni lilelile: "Super ama dizeli?" Unajibu kwa neno moja na unataja pesa. "Super ya elfu." Unaondoka ukihisi umechagua. Ukweli ni kwamba umechagua kidogo sana. Umeepuka kuweka dizeli kwenye injini ya petroli, basi. Ndani ya hiyo super kuna nini, imechanganywa na nini, na nani aliamua kitu fulani kiingie na kingine kitolewe, hayo yaliamuliwa kitambo na watu ambao hawakuwa na wewe kwenye foleni.

Historia ya hayo maamuzi imenishika kwa sababu sehemu yake kubwa ilitokea hapa kwetu, kati ya ziwa na mashamba ya miwa ya bonde la Nyando. Kuna miaka kumi ambapo magari ya Nairobi yalikuwa yakitembea kwa petroli iliyochanganywa na miwa yetu. Watu wengi wa rika langu hawajawahi kusikia hiyo habari.

Tuanze na miwa. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 vikafuata Muhoroni na Chemelil. Ukikamua miwa na kutoa sukari, kinabaki kitu kizito, cheusi, kitamu kwa uchungu: molasi. Ng'ombe wanaipenda. Wapika chang'aa wanaipenda zaidi. Lakini ukiichachusha kwa hamira kisha ukaikeneka vizuri na kuyaondoa maji yanayobaki, unapata ethanoli safi, na ethanoli inawaka ndani ya injini ya petroli.

Jambo hilo halikuwa siri. Lilikosa tu mtu wa kulihitaji. Halafu ikaja 1973. Vita vya Mashariki ya Kati vilifanya bei ya mafuta ghafi ipande karibu mara nne ndani ya miezi michache. Kenya ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, Mombasa, tangu 1963, lakini ghafi yenyewe ilikuwa ya kununuliwa nje kwa dola. Brazil, nchi nyingine ya miwa, ilianza mpango wake wa kitaifa wa alkoholi mwaka 1975. Wakubwa wa Nairobi wakatazama ramani, wakaona miwa iko wapi, wakaja upande huu.

Viwanda viwili vilipangwa. Cha kwanza kilikuwa hapa Kisumu, kando ya barabara ya Busia, chini ya kampuni iliyoitwa Kenya Chemical and Food Corporation, ambayo serikali ilikuwa na hisa nyingi ndani yake pamoja na wawekezaji wa kigeni. Kazi ilianza mwaka 1977. Mpango ulikuwa mkubwa: ethanoli ya magari, hamira, asidi ya sitriki, kila kitu kutoka kwa molasi. Gharama zikapanda, zikapanda tena, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ujenzi ukasimama kabla gari hata moja halijapata tone. Yakabaki matangi na mabomba yakila kutu na mvua ya ziwa. Wakazi wakakiita tu "Molasses", na jina hilo halijatoka mpaka leo.

Cha pili, Agro-Chemical and Food Company cha Muhoroni, kilimalizika. Kilianza kazi mwaka 1982, kikiwa na uwezo wa lita 60,000 za ethanoli kwa siku. Kuanzia 1983 ethanoli hiyo ilichanganywa na petroli jijini Nairobi, takriban sehemu moja kwa kumi, na mchanganyiko ukaitwa gasoholi.

Simama hapo kidogo utazame barabara. Kisumu wakati huo haikuwa na bomba la mafuta. Petroli yetu ilitoka Mombasa, ikapita Nairobi, ikateremka kuja ziwani kwa treni na malori. Ethanoli nayo ilitoka Muhoroni, ikapanda kwenda Nairobi. Vilipishana njiani. Sisi tuliolima miwa tukawekewa petroli ya mbali, na wa mbali wakawekewa miwa yetu. Sisemi kulikuwa na njama. Nairobi ndiko magari yalikuwa mengi, na ndiko kulikuwa na matangi ya kuchanganyia. Lakini mtu akikuambia mafuta ni suala la sayansi tu, mwambie afuate hayo malori kwanza.

Sayansi yenyewe iko, na inafaa kuijua. Ethanoli inapandisha okteni, yaani uwezo wa petroli kubanwa ndani ya silinda bila kulipuka kabla ya wakati wake. Ndiyo maana injini yenye mafuta hafifu inagonga ikipanda mlima, ile sauti ya misumari ndani ya kopo. Kwa upande mwingine, ethanoli inapenda maji. Tangi la kituo likiwa na maji chini, ethanoli inaiacha petroli, inajiunga na maji na kuzama nayo, na ukinyonya hapo gari linakohoa mpaka linazima. Inaweza pia kuharibu mipira na gasketi za kabureta za zamani, na inaosha uchafu wote wa tanki na kuupeleka kwenye filta. Kwa hivyo gasoholi inataka nidhamu: matangi makavu, filta mpya, mipira inayofaa. Hayo yote yana dawa.

Mwaka 1993 gasoholi iliisha. Serikali ndiyo ilikuwa ikipanga bei ya pampu, na bei ya ghafi duniani ilikuwa imeanguka katikati ya miaka ya 1980, kwa hivyo ethanoli haikuonekana nafuu tena. Makampuni makubwa ya mafuta hayakuwa na hamu ya kuuza kitu ambacho hawakukileta wenyewe. Na kiwanda kikaona ethanoli inalipa vizuri zaidi ikiuzwa nje ya nchi. Mwaka uliofuata, 1994, bomba la Kenya Pipeline likafika Kisumu. Petroli ya Mombasa sasa ilikuja yenyewe, chini ya ardhi, bila kupishana na mtu.

Malawi nayo ilianza kuchanganya ethanoli mwaka 1982, na mpango wake uliendelea baada ya wetu kufa. Malawi haina bahari. Kila lita ya petroli inasafiri mbali kuifikia, kwa hivyo kila lita ya miwa ni lita moja ambayo haikusafirishwa. Sisi tulikuwa na bandari, kiwanda cha Changamwe na bomba. Urahisi ulituponza.

Hesabu za bei, hata hivyo, hazielezi kila kitu. Februari 1990, Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru, jirani kabisa na Muhoroni. Mwili wake ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila. Kisumu ililipuka kwa maandamano. Rais Moi aliita wapelelezi wa Scotland Yard, wakiongozwa na John Troon, na moja ya mambo ambayo ripoti yake ilitaka yachunguzwe zaidi ni ule mradi wa Molasses: Ouko alitaka ufufuliwe, na Troon alisikia habari za ufisadi uliouzunguka. Wengine wamepinga maelezo hayo na kusema sababu ilikuwa kwingine. Tume ya uchunguzi ilivunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi. Hakuna mtu ambaye amewahi kupatikana na hatia. Naandika hili kwa uangalifu, kwa sababu familia iliachwa bila jibu. Lakini siwezi kuandika historia ya mafuta ya ziwa nikaruka hapo. Kiwanda cha kutengeneza kitu cha kumimina kwenye tanki la gari kilikuwa na uzito wa kutosha kuingia kwenye faili la mauaji ya waziri.

Sasa nikurudishe kwenye okteni, maana hapo ndipo tulipoteza zaidi. Kuna njia nyingine ya kuzuia injini isigonge. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanyia kazi General Motors huko Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha madini ya risasi kwenye petroli kinafanya kazi hiyo. Wahandisi wa wakati ule walijua alkoholi pia inaweza. Lakini alkoholi mkulima yeyote anaweza kukeneka, ilhali risasi iliyochanganywa kwa njia ile inaweza kumilikiwa na kampuni. Dunia ikapewa risasi.

Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa kile kinachotoka kwenye bunduki, na lugha haijakosea. Risasi inayotoka kwenye ekzosi inaingia mwilini kwa pumzi na vumbi, na inaharibu akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na Kenya ikaacha petroli ya risasi mwishoni mwa 2005. Kampeni ya dunia iliongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi. Algeria ilimaliza akiba yake mwaka 2021, ikiwa ya mwisho duniani. Shirika hilo linakadiria kwamba kuondoa risasi kunazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Piga hesabu ya miaka. Muhoroni ilikuwa na kitu cha kupandisha okteni, kinachotoka shambani. Tuliacha kukichanganya 1993. Petroli ya risasi tuliendelea kuiuza kwa miaka kumi na mbili zaidi. Watoto waliokuwa wakiuza njugu kando ya stendi za matatu miaka hiyo, hakuna aliyewauliza "super ama dizeli".

Uamuzi wa karibuni unaujua hata kama hukuufuatilia. Kwa miaka mingi mafuta taa yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ndiyo ya maskini: taa, stovu, karabai. Pengo la bei likawapa wajanja kazi ya kuchakachua, kumimina mafuta taa ndani ya dizeli na super. Kwenye dizeli yanapunguza ulaini unaolinda pampu ya sindano; kwenye super yanashusha okteni, injini inagonga, na fundi anakuonyesha vipuri vilivyoungua. Septemba 2018 sheria ya fedha iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili pengo lifungwe. Lilifungwa, na mwenye gari akapata dizeli safi zaidi.

Lakini nenda Dunga ama Usenge usiku usio na mwezi, uone taa zikielea majini kama mji mwingine. Hao ni wavuvi wa omena. Samaki huyo anavutwa kwa mwanga, na kwa miongo mingi mwanga huo ulikuwa karabai ya mafuta taa. Wengine wamehamia taa za sola, na ni vizuri. Ila mwaka ule wa 2018, mvuvi asiye na gari ndiye aliyelipishwa ili gari la mwingine lisiharibike. Mama anayepikia stovu Nyalenda akalipa naye. Tozo haikumfuata mchakachuaji, ilifuata taa.

Na mambo hayajatulia. Mwaka 2010 serikali iliandaa mpango wa kurudisha petroli yenye asilimia kumi ya ethanoli, ikianzia hapa Kisumu. Karatasi ilikuwepo, pampu haikuwahi kuizoea. Molasses ilinunuliwa na Spectre International na kuanza kutoa ethanoli katika miaka ya 2000, lakini ethanoli ya ziwa leo inaishia kwenye pombe kali, dawa na viwanda. Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika mwaka 2018, likakaa karibu miaka mitano kabla ya meli kubeba mafuta kwenda Uganda. Ziwa limekuwa njia ya kupitishia mafuta ya wengine.

Kwa hivyo ukinunua gari la mtumba kutoka Japani, fanya yako. Soma kitabu chake ama umpate wa kukusomea. Jua uzito wa oili linalotaka, usikubali nzito kwa sababu tu ndiyo fundi anayo. Jua kama mipira yake inaweza ethanoli, maana siku moja ule mpango utatolewa tena kwenye droo. Na siku hiyo ikifika, usiulize tu kama injini itaipenda. Uliza miwa itanunuliwa kwa mkulima wa Chemelil kwa bei gani na atalipwa lini. Uliza maji taka ya kiwanda yataingia mto gani, kwa sababu Nyando inamwaga ziwani, na ziwani ndiko tunakochota. Uliza nani asiye na gari atalipia gari lako. Maswali hayo hayamo kwenye kitabu cha gari lolote, na yakikosa mwenye kuyauliza huku, Nairobi wataamua tena peke yao.